Jina la bosi si mizania: somo la ABB kwa mwenye hisa mdogo

Sokoni kwetu kuna mazoea ya kununua hisa kwa kumtazama mkubwa wa kampuni. Akiteuliwa mtu mwenye jina, madalali wanaanza kupigiwa simu. Akihutubia vizuri katika mkutano mkuu wa mwaka, wenye hisa wanampigia makofi, wanakula chakula cha mchana, kisha wanarudi nyumbani na kitabu cha hesabu ambacho hakitafunguliwa tena. Makala hii inapinga mazoea hayo, na mfano wake haukutoka kwenye kiduka cha mtaani bali kwenye kampuni iliyokuwa ikifundishwa katika vyuo vya biashara duniani kote kama kielelezo cha uongozi bora.

Kampuni hiyo ni ABB, yenye makao yake makuu Zürich, Uswisi. Inatengeneza vifaa vya umeme, mota, roboti na mitambo inayojiendesha, ile inayowezesha kiwanda cha saruji au cha karatasi kuendeshwa na watu wachache waliokaa mbele ya kompyuta. Kwa wakazi wa Arusha jina hilo si geni, kwa kuwa kiwanda cha transfoma cha Tanelec kiliwahi kuitwa ABB Tanelec.

ABB ilizaliwa Januari 1988 kwa kuunganishwa ASEA ya Sweden na Brown Boveri ya Uswisi. Kiongozi wake wa kwanza, Percy Barnevik, alipunguza wafanyakazi wa makao makuu hadi wakabaki wachache mno, akaigawa kampuni katika vitengo vingi vidogo vyenye hesabu zao, na akanunua makampuni mengine kwa kasi kubwa. Waandishi wa habari za biashara walimwimba kama mfalme wa mameneja. Kwa miaka kadhaa ya 1990 ABB ilikuwa ikitajwa kuwa kampuni inayoheshimika kuliko zote Ulaya.

Itakumbukwa kwamba wahenga walituonya: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Kilichokuwa ndani ya mizania

Mwaka 2000 ABB ilitangaza faida halisi ya dola za Marekani bilioni 1.4. Bei ya hisa moja, kwa hesabu iliyorekebishwa baada ya hisa kugawanywa mwaka 2001, ilivuka Faranga za Uswisi 50. Kwa mtu anayetazama bei na faida peke yake, hapakuwa na sababu ya kukosa usingizi.

Mwaka mmoja baadaye kampuni ikatangaza hasara ya dola milioni 691, hasara ya kwanza ya mwaka mzima tangu iundwe. Mwaka 2002 hasara ikazidi dola milioni 750. Oktoba 2002 hisa iliyokuwa Faranga 50 ilikuwa ikiuzwa kwa chini ya Faranga 2.

Je, wateja walikimbia? Je, roboti na mota zilikataliwa sokoni? La hasha. Mauzo ya mwaka 2001 yalikaribia dola bilioni 24, na shughuli za mitambo ya viwandani ziliendelea kuwa na wateja hata kama biashara ilikuwa ngumu duniani kote wakati huo. Uharibifu ulitoka sehemu tatu, na zote tatu mtu angeweza kuziona akisoma hesabu kwa makini.

Sehemu ya kwanza ilikuwa deni la zamani lililonunuliwa pamoja na mali. Mwanzoni mwa 1990 ABB iliinunua Combustion Engineering ya Marekani, watengenezaji wa boila, kwa takriban dola bilioni 1.6. Boila za kampuni hiyo za miaka ya nyuma zilikuwa na asbesto, madini ambayo vumbi lake huleta ugonjwa wa mapafu na saratani. Watu waliougua walifungua madai, na madai hayo yaliongezeka mwaka hadi mwaka hadi yakapita 100,000. Mwisho wa 2001 fedha zilizotengwa kwa ajili yake zilifika dola milioni 940. Hatimaye, mwaka 2006, mpango wa kumaliza madai hayo ulisimama kwenye dola bilioni 1.43, yaani karibu sawa na bei ya kuinunulia kampuni yenyewe. ABB iliinunua Combustion Engineering mara mbili, na mara ya pili haikupata boila hata moja.

Sehemu ya pili ilikuwa mikopo. ABB ilikuwa na kitengo chake cha fedha kilichokopesha wateja, kukodisha mitambo na kufanya biashara ya bima. Wakati wa neema kitengo hicho kilileta faida safi, na wakubwa walikisifu. Lakini mkopeshaji naye lazima akope. Mwisho wa 2001 mikopo ya kundi zima ilikuwa imezidi dola bilioni 9, na sehemu kubwa ilikuwa ya muda mfupi, ile inayotakiwa kukopwa upya kila baada ya miezi michache. Kila mfanyabiashara wa Kariakoo anajua hatari ya kununua mzigo wa mwaka mzima kwa mkopo wa siku tisini. Machi 2002 Moody's, kampuni inayopima uwezo wa wakopaji kulipa, iliishusha daraja ABB, nayo ABB ikalazimika kuchota karibu mkopo wote wa dharura wa dola bilioni 3 uliokuwa umewekwa na mabenki.

Sehemu ya tatu ndiyo inayouma zaidi, kwa sababu haikuletwa na madai ya mahakamani wala hali ya soko. Mwaka huohuo wa 2001 kampuni ilitumia zaidi ya dola bilioni 1 kununua hisa zake yenyewe, na juu ya hapo ikalipa gawio la karibu dola milioni 500. Kununua hisa zako kuna maana pale ambapo una fedha za ziada na bei ni rahisi. ABB haikuwa na ziada, na bei ilikuwa bado ya juu. Fedha za wanahisa katika mizania, ambazo ndizo godoro la kuangukia, zilishuka kutoka zaidi ya dola bilioni 5 mwisho wa 2000 hadi kama bilioni 2 mwisho wa 2001, kisha kama bilioni 1 mwisho wa 2002. Mtu aliyeona mvua inakuja aliuza mabati ya nyumba yake.

Wakurugenzi watatu, bodi moja

Barnevik aliacha ukurugenzi mkuu mwisho wa 1996, akabaki kuwa mwenyekiti wa bodi. Göran Lindahl alishika usukani kuanzia 1997 hadi 2000. Jörgen Centerman akaingia Januari 2001 na kutoka Septemba 2002. Kila mmoja alikuja na mpangilio wake mpya wa vitengo. Lindahl aliuvunja mfumo wa mikoa uliojengwa na Barnevik, akauza mitambo ya kufua umeme na reli, akanunua Elsag Bailey ili kukuza mitambo inayojiendesha. Centerman akaupanga tena muundo wote kwa kufuata aina za wateja, na Julai 2001 akatangaza kupunguza nafasi za kazi 12,000.

Kupanga upya ofisi ni kazi inayoonekana. Inatoa picha ya uchapakazi, inajaza kurasa za mbele za ripoti ya mwaka, na mkurugenzi mpya anaonekana kuwa na dira. Lakini hakuna mchoro wa muundo uliowahi kulipa deni. Katika miaka hiyo yote madai ya asbesto yalikua na mikopo ikaongezeka, huku wakubwa wakibadilishana viti.

Swali la haki ni hili: bodi ilikuwa wapi? Mwenyekiti wake alikuwa wakati huohuo mwenyekiti wa Investor na Sandvik za Sweden, na wa AstraZeneca ya Uingereza. Aidha, ni yeye aliyeijenga ABB, kwa hiyo kila aliyemfuata alikuwa anakagua kazi ya mkubwa wake. Ni vigumu mno kwa mkurugenzi kumwambia mwenyekiti kwamba kampuni aliyoinunua kwa shangwe ndiyo inayotuua. Mwanzilishi anayebaki juu ya warithi wake anawafunga mikono, hata kama hana nia mbaya.

Barnevik alijiuzulu uenyekiti Novemba 2001. Februari 2002 ABB ikatangaza jambo lililowashtua wenye hisa: yeye na Lindahl walipewa malipo ya pensheni ya jumla ya Faranga milioni 233, Barnevik milioni 148 na Lindahl milioni 85. Bodi mpya ilieleza kwamba malipo hayo hayakupitishwa na bodi nzima. Machi 2002 wawili hao walikubali kurudisha Faranga milioni 137, Barnevik akirudisha milioni 90 na Lindahl milioni 47.

Wapo waliosema kwamba kiasi hicho ni kidogo kikilinganishwa na hasara, na kwamba kelele zile zilikuwa za wivu. Kihesabu wana haki. Faranga milioni 233 hazikuiangusha ABB. Lakini sikubaliani nao kuhusu maana yake. Kama wajumbe wa bodi hawakujua ni kiasi gani analipwa mtu waliyekaa naye meza moja, wangejuaje kinachoendelea katika kiwanda cha boila nchini Marekani au katika vitabu vya kitengo cha mikopo? Malipo ya mkubwa ni kipimajoto. Kinachoonyesha ni kama bodi inakagua au inapiga mhuri tu.

Aliyekuja kuzima moto

Hapa inafaa kusikiliza upande wa pili, kwa sababu wapo watakaosema kwamba mfano huuhuu wa ABB unathibitisha kuwa bosi ndiye kila kitu. Jürgen Dormann, Mjerumani aliyeongoza kampuni za kemikali na dawa za Hoechst na Aventis, alichukua uenyekiti Novemba 2001, na Septemba 2002 akaongeza na ukurugenzi mkuu. Peter Voser, aliyetoka kampuni ya mafuta ya Shell, alikuwa mkurugenzi wa fedha tangu mapema 2002. Miaka miwili baadaye kampuni ilikuwa imerudi kwenye faida. Je, huyo si bosi mwenye uwezo?

Ni kweli. Lakini tazama alichofanya, usitazame wasifu wake. Aliuza. Sehemu kubwa ya kitengo cha mikopo na ukodishaji ilikwenda kwa General Electric kwa dola bilioni 2.3. Biashara ya bima ikauzwa, na ya mafuta na gesi nayo ikafuata. Kilichobaki kilikusanywa katika makundi mawili tu, teknolojia ya umeme na mitambo inayojiendesha. Oktoba 2002 alitoa tangazo baya ambalo mwingine angelificha: malengo ya mwaka hayatafikiwa, na Combustion Engineering huenda ikapelekwa kwenye sheria ya ufilisi ya Marekani. Soko lilimwadhibu papo hapo, hisa ikapoteza zaidi ya nusu ya thamani yake ndani ya siku moja. Hata hivyo, kuanzia pale mabenki yalijua ukubwa wa shimo, na Desemba yakatoa mkopo mpya wa dola bilioni 1.5. Wafanyakazi nao aliwaandikia barua kila wiki, akieleza hali ilivyo bila kupamba.

Februari 2003 Combustion Engineering iliingizwa katika ufilisi uliopangwa kwa makubaliano na wadai. Mwaka 2004 ABB ilipata faida halisi ya dola milioni 201. Gawio, ambalo halikulipwa kwa hesabu za 2001 hadi 2004, lilirudi kwa hesabu za 2005, nalo lilikuwa senti 12 za Faranga kwa hisa. Dormann alikabidhi ukurugenzi mwisho wa 2004.

Kwa hiyo uongozi una thamani, tena kubwa. Ninachobisha ni kipimo chake. Uongozi wa Dormann ulionekana kwenye deni lililopungua, fedha taslimu zilizoingia na ukweli uliosemwa mapema. Uongozi wa miaka ya 1990 ulipimwa kwa sifa, na sifa haina mstari katika mizania.

Nani alilipa gharama

Tufanye hesabu ya mwenye hisa mdogo. Tuseme alinunua hisa 1,000 kwa Faranga 50 mwaka 2000. Ametoa Faranga 50,000. Oktoba 2002 mali yake haifiki Faranga 2,000. Novemba 2003 kampuni inamwandikia barua: ili tusimame, tunatoa hisa mpya 7 kwa kila hisa 10 ulizonazo, bei Faranga 4 kila moja. Kwake hizo ni hisa 700, yaani Faranga 2,800 nyingine. Akilipa, anaongeza fedha nzuri juu ya fedha iliyopotea. Asipolipa, sehemu yake ya umiliki inapungua. Kwa njia hiyo kampuni ilikusanya takriban dola bilioni 2.5.

Wenye mifuko mikubwa waliweza kulipa na kusubiri, na waliosubiri walifaidika, maana kampuni ilipona. Mwenye hisa aliyekuwa ameweka akiba ya uzeeni, au aliyekopa ili anunue, aliuza chini kabisa. Kampuni kupona na mwenye hisa kupona ni mambo mawili tofauti. Hilo ndilo jambo ambalo madalali wengi hawalisemi wanapotuambia kwamba hisa nzuri hurudi tu.

Sisi tusidhani haya ni ya Wazungu. Wenye hisa wa Uchumi, Nairobi, waliona milango ya maduka ikifungwa Juni 2006. Wenye hisa wa Mumias Sugar waliona kampuni yao ikikabidhiwa kwa msimamizi wa wadai Septemba 2019. Katika nchi zetu idadi ya makampuni yaliyoorodheshwa ni ndogo, na wengi wetu tunaweka akiba yote katika hisa za kampuni moja au mbili. ABB ilikuwa na vitengo vya kuuza ilipobanwa. Kampuni yenye kiwanda kimoja ikibanwa, inauza nini?

Maswali ya mkutano mkuu

Nawashauri wasomaji wenye hisa waende kwenye mkutano mkuu na maswali manne, wayaulize kwa sauti, na majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.

La kwanza: faida hii iliyotangazwa, fedha yake taslimu iko wapi? Taarifa ya mtiririko wa fedha iko kurasa chache nyuma ya ile ya faida na hasara. Kama faida inapanda miaka mitatu mfululizo na fedha kutoka kwenye shughuli za kawaida zinashuka, kuna jambo.

La pili: mikopo inaiva lini? Jumla ya deni haitoshi. Deni la miaka kumi na deni la miezi mitatu ni wanyama wawili tofauti, na anayeuma haraka ni wa pili.

La tatu: katika maelezo ya nyongeza, kuna madai gani mahakamani au madeni yanayoweza kutokea ambayo bado hayajaingizwa kwenye mizania? Asbesto ya ABB iliishi miaka mingi katika maelezo hayo ya herufi ndogo kabla haijahamia ukurasa wa mbele wa magazeti. Kikulacho ki nguoni mwako.

La nne: nani alipitisha malipo ya mkurugenzi mkuu, ikiwa ni pamoja na kiinua mgongo chake, na mwenyekiti wetu anakalia viti vingapi vingine? Mwenyekiti akikasirika kwa swali hilo, jibu umeshapata.

Leo ABB ni kampuni nyingine. Mtandao wake wa umeme wa msongo mkubwa ulikwenda kwa Hitachi mwaka 2020. Voser alirudi kuwa mwenyekiti mwaka 2015. Morten Wierod alishika ukurugenzi mkuu Agosti 2024, na mwaka huo ulifungwa kwa mauzo ya karibu dola bilioni 33 na faida halisi ya kama dola bilioni 3.9. Oktoba 2025 ilitangaza makubaliano ya kuuza hata biashara yake ya roboti, iliyoipa jina kubwa, kwa SoftBank ya Japani kwa thamani ya dola bilioni 5.4 hivi. Wapo wanaomsifu mkuu mpya kwa uamuzi huo na wapo wanaomlaumu. Sifa na lawama zote mbili zingoje. Tutajua kama ulikuwa uamuzi mzuri pale tutakapoona fedha hizo zimetumika wapi: kulipa madeni, kujenga viwanda, au kununua hisa zake yenyewe bei ikiwa juu.

Mali bila daftari huisha bila habari, nasi wenye hisa daftari letu ni kile kitabu cha hesabu tunachopewa mlangoni mwa mkutano. Kifunguliwe kwanza, makofi yafuate.